Upande wa Miguu

Mlimani, juu ya Hedaru
14 Januari 2024

Mdogo wangu Sadock,

Huku wote hatujambo, isipokuwa mimi. Mvua zimepitiliza, tangawizi ya bondeni imeoza karibu nusu, na paa la jiko linavuja palepale mlipoliziba mwaka juzi. Anderson mwanangu ni mzima. Mkewe Nairesiae naye ni mzima, na bado anatia chumvi kwenye makande kama anawalisha ng'ombe wa baba yake kule Kwakoa. Nikimwambia ananyamaza, na kesho yake anatia ileile.

Anderson anataka nikupigie simu, lakini simu hiyo anaiweka sauti ya juu kwa ajili ya masikio yangu, na majirani wote wanapata habari zangu kabla yako. Nitaendelea kuandika. Lukasi wa duka la Hedaru ataitafutia barua basi la Mwanga, na kutoka hapo ijipandie yenyewe Shighatini.

Sasa habari za mguu wa kushoto. Oktoba nilijikata kidole kwa jembe wakati wa kuchimba tangawizi, kidonda kidogo tu, na mpaka leo hakijapona. Kimekuwa cheusi pembeni na kinatoa maji yanayonuka kama panya aliyefia darini. Najua hapo umeshika pua. Toka utoto, akichinjwa mbuzi wewe ulikuwa unapotelea kwenye migomba mpaka nyama iive.

Nimepelekwa hospitali. Daktari wa upasuaji anasema mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba kuanzia pajani. Kumbe ndiyo maana nikipanda mlima nilikuwa nasimama kila baada ya nyumba mbili, na nyinyi mkasema ni uzee. Watatoa mshipa mwingine kwenye mguu wa kulia, waushone kwenye huu wa kushoto ili damu izunguke, kama tunavyozungusha mfereji wa bwawa letu la ndiva ukikuta mwamba. Nilielewa kuliko alivyotegemea. Akasema pia kwamba kwa umri wangu moyo unaweza kugoma palepale mezani, au figo, au mshipa mpya ukaziba kabla sijafika nyumbani. Nilimpenda kwa sababu hakumung'unya maneno. Wengine wote wananibembeleza, bibi usijali, bibi tabasamu, mpaka nasikia kichefuchefu.

Naingia wiki ijayo. Njoo unione kabla hawajanifungua.

Dada yako,
Eliakunda


Shighatini, Ugweno
9 Februari 2024

Dada Eliakunda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu zaidi ya zile nilizokuacha nazo. Sisi tunaendelea. Victoria anakusalimu sana, mgongo unamsumbua lakini kanisani anafika. Kahawa mwaka huu imechanua vizuri, na shule niliyofundisha imepata mwalimu mkuu mpya, kijana asiyejua kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka.

Tunamshukuru Mungu kwa upasuaji uliokwenda salama. Samahani kwamba siku ile wodini sikukaa. Kama nilivyomweleza Anderson, basi la kupanda huku ni moja, na likikuacha umelala Mwanga.

Uliniambia, kwa ile sauti ndogo uliyokuwa nayo, kwamba mguu bado ni wa baridi. Nimelifikiria sana jambo hilo. Unakumbuka mama alivyomfanyia baba? Alitwanga tangawizi mbichi kwenye kinu, akaipasha motoni, akaifunga mguuni kwa kitambaa na kukikaza, mpaka asubuhi. Baba aliamka akaenda kupalilia. Wewe, dada, unalala juu ya tangawizi. Madaktari wamefanya yao, wameifungulia damu njia, lakini damu inahitaji joto ili itembee. Waambie nyumbani wakufunge kila jioni, na wakaze, maana kitambaa kikilegea joto lote linatoka.

Usikose kufanya hivyo. Mambo mengine ya wazee wetu yalikuwa na maana.

Ni mimi mdogo wako,
Sadock


Mlimani
3 Machi 2024

Sadock,

Marahaba. Mwambie Victoria pole ya mgongo, na mwambie aache kubeba majani ya ng'ombe wakati wewe unasoma gazeti.

Kwanza tumalize la basi. Basi lenu linaondoka alasiri. Wewe uliondoka kabla hata chai ya saa nne haijapoa, na muda wote ulisimama mlangoni na leso puani kama bwana afya anayekagua bucha. Sikukugombeza siku hiyo kwa sababu nilikuwa na mpira puani na sauti haikutosha. Nasema sasa.

Nimerudi nyumbani. Barabara imekatika kwenye korongo, gari likaishia chini, kwa hiyo likapigwa baragumu la msaragambo na watu wakaja kunibeba kwa machela. Unajua kazi hiyo. Zamani msaragambo ulikuwa wa kuchimba mifereji na kutengeneza barabara, siku hizi ni wa kubeba mizigo kama mimi. Wazee wa kanisa walishika upande wa kichwa, kwa heshima. Upande wa miguu wakawekwa vijana, kwa sababu huko ndiko kwenye harufu. Anayebebwa hana pengine pa kutazama ila mbele yake, na mbele yangu walikuwa wao. Mmoja aligeuza uso bondeni njia nzima. Mwingine alijikaza, alipofika kwenye kona akaomba apokelewe akaenda kutapika kwenye mahindi ya watu. Sikuwachukia. Nilijichukia mimi na huu mguu.

Halafu wageni. Wanakuja kusali, macho wanafumba, pua haziwezi kufumbwa. Mama mmoja wa kwaya aliomba aone kidonda ili ajue namna ya kuniombea, akakipiga picha, na jioni kilikuwa kwenye kundi lao la wasapu. Nimekula nao chakula kimoja miaka arobaini, na nimegundua nawaona kinyaa.

Mguu wenyewe unaendelea. Siku ya kuruhusiwa daktari aliweka kidude chake kifundoni, tukasikia damu inapita, shwa, shwa. Nililia kidogo, usimwambie mtu. Ila vidole havina hisia, na unyayo ni wa baridi. Yeye anasema joto litarudi polepole, nisiukande, nisiuweke motoni, nisifunge kitu cha kubana. Lakini yeye halali huku mlimani. Lile uliloandika tumeanza kulifanya juzi. Nilimwelekeza Nairesiae namna ya kutwanga, maana hata kumenya tangawizi hajui, nikamwambia akaze kama ulivyosema. Harufu yake inatoa machozi nyumba nzima. Mguuni mimi sisikii kitu.

Eliakunda


Mlimani
21 Aprili 2024

Sadock,

Sikupata jibu lako la Machi. Labda mna mvua.

Leo sina salamu ndefu. Walipofungua kitambaa, ngozi ya mguu ilitoka nacho, kama utando wa maziwa. Tangawizi ya moto ilikuwa imeniunguza kila jioni na mimi sikuwa na habari, kwa kuwa mguu huo hausikii moto wala mwiba. Na pale kilipokazwa ndipo mshipa mpya ulipopita. Nilipelekwa tena hospitali. Daktari aliweka kidude kifundoni, akakisogeza huku na huku, kimya. Akaweka tena. Aliuliza nani alifunga. Nikasema mimi. Akaandika.

Wamenipa dawa za kuzuia usaha na kunirudisha nyumbani, lakini vidole vitatu sasa ni vyeusi na kisigino kimeanza kulainika kama embe lililokaa. Nzi wananijua. Wanaacha chakula mezani wanakuja kwangu. Nimekuwa naamka nikidhani kuna mnyama amekufa nyuma ya nyumba, halafu nakumbuka.

Wanataka kukata chini ya goti. Nimekataa. Walishanipasua mapaja yote mawili, wakanishona, nikavumilia kwa sababu waliniahidi mguu. Sasa nikubali wanipunguze kidogo kidogo kama muwa? Daktari mwenyewe anasema moyo wangu hauna nguvu ya mara nyingi. Na kufika huko ni machela tena. Sitaki kuwatazama watoto wa watu wakitapika kwa ajili yangu. Nilale hapa niishe.

Eliakunda


Shighatini
6 Mei 2024

Dada Eliakunda,

Shikamoo. Huku ni baridi na ukungu. Victoria amepata nafuu.

Barua yako imenitia uchungu na hasira. Nimezungumza na Anderson kwa simu, naye amethibitisha kwamba mguu uliharibika kwa kufungwa dawa za kienyeji. Dada, mshipa ulioshonwa na mtaalamu aliyesoma miaka mingi unaharibiwa jikoni kwa ujinga! Nimeshindwa kula kwa kinyaa. Mtu mwenye akili timamu anawezaje kumfunga mgonjwa aliyetoka kupasuliwa?

Nilimuuliza Anderson ni mkono wa nani uliofunga. Hakutaka kusema, mwishowe akasema ni wa mkewe. Sikushangaa. Nilisema toka wakati wa posa kwamba watu wa tambarare wana dawa zao za porini, mizizi na magome, na mtoto aliyelelewa na ng'ombe hajui kutunza mgonjwa. Nimewaandikia wazee wa ukoo hapo kwenu kwamba arudishwe kwa baba yake Kwakoa mpaka jambo hili lizungumzwe. Wananisikiliza, wengi wao niliwafundisha kusoma.

Wewe kubali kukatwa. Maisha ni zaidi ya mguu.

Mdogo wako,
Sadock


Mlimani
17 Mei 2024

Sadock,

Marahaba.

Nakuuliza jambo moja. Barua yangu ya Machi uliisoma?

Huyo Nairesiae unayemwita mtoto wa ng'ombe, acha nikuambie anachofanya. Asubuhi anachemsha maji na chumvi, anapiga magoti, anaosha mguu huu uliowafukuza wazee wa kanisa. Anatoa vile vipande vilivyokufa. Hageuzi uso. Hasemi pole wala haimbi pambio, anaosha tu kama anaosha sufuria, kisha anafunga kwa kitambaa kisichobana na anakwenda kutia chumvi nyingi kwenye makande. Mwanangu wa kumzaa anaishia mlangoni. Amerithi pua yako.

Wazee wako walikuja. Walikaa uani, upande upepo unakotoka, wakamuuliza alinifunga dawa gani ya porini. Akasema tangawizi. Wakasema asiwadanganye. Mimi niliwapigia kelele kutoka ndani, wakamwambia Anderson kwamba mgonjwa ana homa. Na kweli ninayo, lakini siyo iliyokuwa inasema.

Kwao Kwakoa hawalimi tangawizi, Sadock. Anza kufikiria kutoka hapo.

Mguu sikatwi.

Eliakunda


Shighatini
29 Mei 2024

Dada Eliakunda,

Shikamoo dada yangu. Habari za huku ni za kawaida. Mwalimu mkuu yule ameomba niwafundishe watoto mwandiko siku za Ijumaa, nimekubali.

Barua ya Machi ninaikumbuka kwa mbali. Ilifika imelowa, na sehemu ya mwisho wino ulikuwa umetapakaa. Sidhani kama ilikuwa na jambo kubwa.

Nimeambiwa Nairesiae ameondoka Jumapili. Ni vizuri kwa amani ya nyumba. Usiwe na wasiwasi juu ya huduma, kina mama wa kanisa watapangiana zamu. Ninachokuomba, tena kwa machozi, ni ukubali upasuaji. Anderson anasema weusi umefika juu ya kifundo na huli. Daktari amemwambia kwamba sumu ikiingia kwenye damu hata kukata hakutasaidia. Wewe ndiye uliyenilea mama alipolala. Tuseme nini kwa watu, kwamba Eliakunda alikufa kwa kuogopa kubebwa?

Mdogo wako akupendaye,
Sadock


Mlimani
4 Juni 2024

Sadock,

Mwandiko wangu unacheza, vumilia.

Kina mama wa zamu walikuja mara moja. Walinimwagia maji mguuni kwa mbali kwa kikombe, kama wanaomwagilia kitalu chenye nyoka. Toka hapo sijaoshwa. Kuna vitu vinatembea kwenye kidonda. Nimeviona. Nilidhani nimeshafika mwisho wa kuona kinyaa, kumbe nilikuwa bado mlangoni.

Lakini hakuna kilichonichukiza kama maneno yako ya wino uliotapakaa. Naandika kwa kalamu ya risasi toka mwaka ule uliponiletea boksi zima, na risasi haitapakai kwa maji. Uliisoma. Tangawizi ni yako. Uliandika nifungwe, ukaandika ikazwe, na mimi niliyekatazwa na daktari nikakusikiliza wewe kwa sababu ulimtaja mama. Yule binti alifanya nilichomwagiza mimi, nami niliagizwa na wewe. Nilimwambia daktari ni mimi. Nilikaa miezi nikingoja useme mwenyewe, nikikuachia mlango wazi katika kila barua, na kila mara ulipita ukaufunga.

Hukukosea kwa ubaya. Kosa hilo nililisamehe siku ileile, hata mimi ningemwandikia mtu hivyohivyo. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba ulitafuta mtu asiye na wa kumtetea ukamwangushia.

Sasa sikiliza. Nitakubali wanikate. Naogopa kufa kuliko ninavyojifanya. Lakini sitoki kitandani hapa mpaka Nairesiae arudi kwa mlango wa mbele na waliomtoa wasikie kutoka kwako. Daktari amesema ni wiki hii. Lukasi ameahidi kukutumia barua hii kwa mtu wa bodaboda, isingoje basi.

Eliakunda


Dukani kwa Lukasi, Hedaru
7 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Barua hii anapanda nayo kijana wa Lukasi sasa hivi, ikutangulie. Victoria anakusalimu. Hakuzungumza nami juzi yote baada ya kuisoma yako, na sikumlaumu.

Niliisoma ile ya Machi. Niliisoma mara nyingi, na ya Aprili ilipokuja niliichoma ile ya Machi jikoni. Sina la kuongeza hapo. Nimekuwa nikisikia kinyaa miezi hii yote na kukipeleka kila mahali isipokuwa kwangu.

Jana nilishuka Kwakoa. Baba yake Nairesiae, Mzee Loishiye, alinikaribisha maziwa kabla hajajua nilichokuja kusema, nikashindwa kuyanywa. Nilisema mbele ya watu wote wa boma kwamba dawa iliyomuunguza mama mkwe wa binti yao niliiandika mimi kwa mkono wangu, na kwamba nilimsingizia binti. Wanawe walinyanyuka. Yeye aliwakalisha, akaniuliza tangawizi inafananaje. Hajawahi kuiona ikiwa shambani. Nilimchorea kwenye mchanga kwa fimbo, dada, mzee mzima, nikichora mzizi. Akautazama, akasema binti aamue mwenyewe.

Binti ameamua kwa ajili yako, siyo kwa ajili yangu. Yupo hapa nje, amekaa juu ya gunia la mahindi, hajaniambia neno toka Mwanga isipokuwa moja nitakalokuambia. Wazee wa ukoo nimewaita wateremke mpaka hapa dukani na nimewaeleza yote mbele yake na mbele ya Lukasi na wateja wake. Mmoja alisema mwalimu, yaishe. Nikamwambia hayaishi, watamke jina la Nairesiae na kumwomba radhi, na wakaomba.

Kesho asubuhi baragumu litapigwa. Gari litangoja chini ya korongo. Nimemwambia Anderson kwamba wazee washike kichwa kama kawaida, na yeye mwanao ashike ncha moja ya upande wa miguu. Ncha ya pili ni yangu, kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, nisipokewe. Amesema sitaweza, kwa umri huu na kwa tumbo langu. Nilimuuliza Nairesiae anafanyaje asitapike. Akanijibu kwamba huwa anakutazama wewe usoni, hatazami mguu.

Basi kesho utakaponiona mbele yako, nitakuwa nakutazama. Leso nimeiacha Shighatini.

Sadock